Hakungoja Jua Lizame

Ninyi wa Mogitu na wote mnaosoma haya chini ya mlima Hanang, fungueni Marko 3. Ni siku ya Sabato, sinagogi limejaa, na katikati amesimama mtu mwenye mkono uliopooza. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu, ameongeza neno ambalo wenzake wameliacha: ulikuwa mkono wa kuume. Jicho la daktari hilo! Mkono wa jembe, wa kulia chakula, wa kusalimia. Mtu yule hakuwa mahututi. Angeweza kuambiwa arudi jua likishazama, Sabato ikiisha, na wale waliokuwa wakimvizia Bwana wasingepata la kusema. Bwana hakumwambia arudi jioni.

Sisi je? Pikipiki imeteleza kwenye lami ya Babati na Singida, kijana ametua kwa bega, kichwa kikaenda huku na bega kule. Mishipa ya fahamu mitano inayotoka shingoni kwenda mkononi imevutika, mingine imeng'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Miezi inapita. Mfupa umeunga, plasta imetolewa, lakini kiwiko hakikunjiki na bega halinyanyuki. Nasi tunasema, “Atapona tu, Mungu yupo.” Tunamkanda kwa mafuta. Tunafunga na kuomba. Ombeni, sikatazi! Lakini ombeni mkiwa ndani ya basi.

Maana msuli una saa yake. Mungu ameujalia mshipa wa fahamu kuota tena, ila huota takriban milimita moja kwa siku. Kutoka shingoni hadi msuli unaokunja kiwiko ni safari ya karibu mwaka, na msuli uliokaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu bila mshipa hauamki tena. Mwaka 1994 daktari Mfaransa, Christophe Oberlin, na wenzake walieleza njia ya mkato: kuchukua nyuzi chache za mshipa mzima, ule unaoshukia upande wa kidole kidogo, na kuziunganisha na tawi la mshipa wa kukunja kiwiko, karibu kabisa na msuli. Kiganja kwa kawaida hubaki na nguvu zake, na safari ya mwaka huwa ya miezi michache. Vidole navyo vikiwa vimepooza, huazimwa mishipa ya katikati ya mbavu. Hapo ndipo mimi hutetemeka: mwanzoni mgonjwa hukunja kiwiko kwa kuvuta pumzi! Kisha mazoezi juu ya mazoezi, mpaka ubongo ujifunze kuuamuru mkono bila kupitia kifuani. Soma tena habari ya Adamu na pumzi, uniambie kama hushangai.

Upasuaji huu hufaa zaidi ndani ya miezi sita tangu ajali. Na mtoto aliyekwama bega akizaliwa, mishipa hiyohiyo ikavutika? Wengi hupona wenyewe; lakini akifikisha miezi mitatu hajakunja kiwiko, mpelekeni.

Anzeni Haydom, hospitali ya Kilutheri inayotibu watu tangu 1955. Mwelezeni daktari tarehe ya ajali, mwombeni apime mishipa ya fahamu, na kama ikibidi aandike rufaa ya KCMC Moshi au MOI Muhimbili. Msikubali kurudi na vidonge vya maumivu peke yake.

Mtaniambia habari ya fedha. Nami nawauliza: msiba ukitokea hapa, si kabla ya giza kuingia daftari la michango limeshajaa? Jeneza tunalichangia upesi hivyo, na nauli ya aliye hai tunaambiana tusubiri mavuno!

Aliyeumia miaka mitatu iliyopita naye aende akaulize. Kuunga mshipa kwake kumechelewa, lakini zipo njia za kuhamisha kano, hata msuli mzima kutoka pajani. Na wakati nauli inatafutwa, mkunjeni na kumnyoosha kiwiko na vidole kila siku, taratibu, kwani viungo vikikakamaa hata daktari bingwa atakuta kazi imeharibika. Wazee wa kanisa, Jumapili hii daftari lifunguliwe kabla ya matangazo.