Ikhlasi Mlangoni mwa Gilman

Mwaka 1982, katika mji mdogo wa Rodeo huko California, mji uliokaa ubavuni pa mtambo wa kusafishia mafuta, mtoto Billie Joe Armstrong alifiwa na baba yake, dereva wa lori aliyekuwa pia mpigaji wa jazi. Na mwandani wake katika gitaa na katika soga za utotoni akawa mwanafunzi mwenzake, Mike Dirnt. Mwaka 1987 vijana hao waliunda bendi wakaiita Sweet Children, na makao yao ya roho yakawa ghala moja la mjini Berkeley, nambari 924 ya mtaa wa Gilman, lililogeuzwa ukumbi na kuendeshwa na watu wa kujitolea, waliokataza humo pombe, ugomvi na ubaguzi, na ambao walikuwa na sharti jingine zito kuliko hayo yote: bendi iliyofunga mkataba na kampuni kubwa ya santuri haipigi hapa.

Mwaka 1989 jina likawa Green Day. Mwaka uliofuata akaja Tré Cool kushika ngoma. Muziki wao ulikuwa panki kwa haraka yake na machachari yake, walakini ndani yake mlikuwa na sauti tamu ambazo hata mpita njia angaliweza kuziimba, na utamu huo ndio uliowavuta wafanyabiashara. Mwaka 1993 walitia saini na Reprise, kampuni kubwa ya santuri iliyo chini ya Warner. Februari 1994 ikatoka Dookie, ambayo katika Marekani peke yake iliuzwa nakala zaidi ya 10,000,000. Na mlango wa Gilman ukafungwa mbele yao. Waliowashangilia jana wakawaita wasaliti.

Je, kazi iliyofanywa kwa ikhlasi hufisidika kwa kuwa imepata wanunuzi wengi? Imam Ghazali, alipoichambua riya, yaani kujionyesha kwa watu, katika kitabu chake Ihya, hakuwataja tu wenye kujionyesha kwa mavazi ya fahari, bali aliwataja pia wenye kujionyesha kwa nguo chakavu zenye viraka, ili watu wanene kwamba hawa wameipa dunia kisogo. Kila nisomapo hayo huzikumbuka suruali za vijana wa panki, zilizochanika magotini (na namwomba radhi imamu, nao nawaomba radhi, kwa kuwakalisha jamvi moja). Ufukara nao una vioo vyake, na mtu aweza kujitazama humo hata akapendezwa mno na sura yake.

Hata hivyo sisemi kwamba walinzi wa mlango ule walikosea. Makadhi tangu kale huhukumu kwa dhahiri, batini wakamwachia Mola, maana moyo hauna dirisha, ilhali mkataba una karatasi, una saini na una tarehe. Na ukumbi mdogo usiokuwa na fedha, kama haukujiwekea mpaka unaoonekana kwa macho, ungalimezwa na wenye fedha kabla haujajua kwamba umemezwa. Waliokosea ni wale waliosimama nje ya mlango, wakaichukua kanuni ya nyumba wakaifanya fatwa juu ya nia ya mtu. Wimbo “Welcome to Paradise” ulikuwamo katika Kerplunk, santuri iliyotolewa na kampuni ndogo ya Lookout, kisha ukarekodiwa upya katika Dookie: mtunzi ni yule yule na kinywa ni kile kile. Asemaye kwamba wa kwanza ni wa haki na wa pili ni wa batili, na atuonyeshe ni katika mshororo upi ndipo unafiki ulipoingia. Akishindwa, basi alichokuwa akikisikiliza siku zote si wimbo, bali ni nembo iliyobandikwa juu ya santuri.

Mei 2015, mwezi mmoja tu baada ya kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, Green Day walipanda tena jukwaa la Gilman, kuwachangia AK Press, wachapishaji wa Oakland waliopatwa na janga la moto. Mkataba wao na Reprise ulikuwa ungali pale pale.