Farasi, Mpagazi na Damu Isiyoonekana

Mwenyeji wa Buzebazeba, katika mji wa Kigoma-Ujiji, aweza kufikia uzee bila kumwona farasi akishindana mbio. Mbung'o walimfungia farasi njia ya bara tangu zamani. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone alikuwa na farasi wawili. Wote wawili walikufa safari ikiwa bado changa, naye akaingia Ujiji bila wao. Kwa sababu hiyo jambo la farasi wa mashindano laweza kudhaniwa kuwa si la ufuko wa Ziwa Tanganyika, bali ni la matajiri wa Nairobi, Dubai na Newmarket. Lakini jambo hilo likivuliwa tandiko na hatamu, chini yake lina swali ambalo Ujiji hulijua sana: je, apataye faida kwa pumzi ya mwingine ana wajibu gani juu ya dhara asiloliona?

Dhara lenyewe ni hili. Farasi akikimbia kwa nguvu zake zote, moyo wake husukuma damu mapafuni kwa shinikizo kubwa ajabu. Anapotulia, shinikizo hilo halizidi sana milimita 30 za zebaki. Mbioni hupanda kupita 100. Kati ya damu na hewa, ndani ya mapafu, pana utando mwembamba kupita unyuzi wa buibui. Maumbile yaliufanya utando huo katika dhiki ya mambo mawili: ukiwa mnene, hewa haipiti upesi, ukiwa mwembamba, hauhimili msukumo. Mbioni hupasuka, na damu ikamwagika katika njia za pumzi, hasa upande wa nyuma na wa juu wa mapafu. Hayo yakirudiwa mara nyingi huacha kovu.

Waingereza wa karne ya 18 walijua kwamba baadhi ya farasi hutokwa na damu puani. Mmoja wao, Bartlett's Childers, alipewa lakabu kwa ajili ya damu hiyo, na hakushindanishwa kamwe. Hata hivyo aliachwa azae, na katika kizazi chake alitoka Eclipse, aliyezaliwa mwaka 1764, ambaye hakushindwa hata mara moja, na ambaye nasaba yake imo katika farasi wa mashindano walio wengi leo. Kwa muda wa miaka 200 iliaminika kwamba maradhi haya ni ya farasi wachache, kwa kuwa pua zilizotoka damu zilikuwa chache. Kisha, katika miaka ya 1970, waganga wa wanyama walianza kupitisha mrija mwembamba wenye taa puani mwa farasi mpaka katika koo la pumzi, wakaona mambo mengine. Uchunguzi wa farasi 744 uliofanywa Melbourne na kutangazwa mwaka 2005 ulikuta damu katika zaidi ya nusu yao baada ya shindano moja tu.

Je, farasi hao walianza kuumia siku mrija ulipobuniwa? Hasha. Kilichobadilika ni hali ya bwana wao, si hali yao. Mtu wa mwaka 1764 hakuwa na njia ya kujua, na asiyeweza kujua ana udhuru. Wa leo anaweza kutazama kwa dakika chache baada ya mbio. Akichagua kutotazama, kutojua kwake ni kitendo chake mwenyewe.

Watetezi wa mashindano wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba farasi hupenda kukimbia, ni dhaifu. Punda milia naye hukimbia, lakini husimama apendapo. Farasi wa mashindano hakuulizwa umbali, wala uzito wa mpandaji, wala siku, na juu yake pana mjeledi. Hoja ya pili ina nguvu. Katika uchunguzi ule ule wa Melbourne, farasi waliomwaga damu kidogo walishinda sawa na wale wasiomwaga kabisa. Waliorudi nyuma ni wale waliomwaga nyingi. Basi huenda damu kidogo ni kama malengelenge katika kiganja cha mkulima, yaani gharama ya juhudi. Hata binadamu hakuepushwa: wataalamu wa Marekani, mwaka 1997, walikuta chembe nyekundu za damu katika mapafu ya waendesha baiskeli mashuhuri baada ya dakika chache za kujikaza hadi mwisho wa uwezo wao.

Lakini mwendesha baiskeli hushuka atakapo, awe bingwa wa dunia au kijana wa Buzebazeba apandishaye madumu ya mawese mlimani. Taabu ni yake, na tuzo au ujira ni wake. Hapa ndipo mpagazi wa njia ya Ujiji anapofaa kukumbukwa, maana mahali alipokufa farasi, mzigo ulihamia bega la mtu. Frasila mbili, yaani ratili 70, ndio uliokuwa mzigo wa kawaida. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila. Pumzi ya mchukuzi haikuwa na mizani. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao walisema kwa kejeli. Hata hivyo mpagazi wa ujira na mtumwa aliyefungwa mnyororo hawakuwa kitu kimoja, ingawa walipita njia moja. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko juu ya wapagazi waliotoroka. Malalamiko hayo, yakisomwa vizuri, ni ushahidi wa heshima ya wapagazi: walikuwa na kauli, na miguu yao iliisema. Farasi hana pa kutorokea. Kwa hiyo yuko karibu zaidi na mtumwa kuliko na mwendesha baiskeli, na bwana wake hawezi kujificha nyuma ya ridhaa.

Dawa ipo, nayo huitwa furosemaidi. Jaribio la Afrika Kusini kwa farasi 167, lililotangazwa mwaka 2009, lilithibitisha kwamba hupunguza damu. Tatizo ni kwamba humkojoza farasi, akawa mwepesi, akakimbia upesi zaidi. Hivyo hata mwenye farasi mzima huitaka. Uingereza huiruhusu mazoezini na kuikataza siku ya mashindano; Marekani iliiruhusu siku ya mashindano kwa miaka mingi. Uingereza imeona sawasawa. Dawa impayo mgonjwa nguvu ya kurudi alasiri ile ile katika jambo limuumizalo huyaponya mashindano, haimponyi farasi.

Kilicho haki zaidi ni kwamba wale wale wagawanao zawadi na fedha za kamari walipe gharama ya kumchunguza kila farasi baada ya mbio, na amwagaye damu nyingi apumzishwe. Australia imekaribia hapo: farasi atokwaye na damu katika tundu zote mbili za pua huzuiwa miezi 3, na mara ya pili huondolewa mashindanoni kabisa. Lakini kanuni hiyo bado huitazama pua, kama walivyoitazama watu wa zama za Bartlett's Childers. Na katika farasi wa Melbourne walioonekana kuwa na damu, walio wengi sana pua zao zilikuwa kavu.