Zawadi ya Mtoto: Ni Furaha au Ni Kazi?

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa mtu ampapo mtoto kitu husema, "Nimempa zawadi," wala hajiulizi kama neno hilo ni la kweli. Nasi twapenda kuliuliza hapa Morogoro, kwani wazazi wengi hutafuta zawadi zenye mafunzo kwa watoto wao wa shule ya msingi. Nia hiyo ni njema, lakini nia njema nayo yataka kupimwa.

Kwanza, tutenge haki na zawadi. Tangu mwaka 2016 Serikali ya Tanzania haitozi ada katika shule zake, tangu msingi hata kidato cha nne. Lakini daftari, kalamu na sare zimebaki juu ya mzazi. Hizo ni haki za mtoto. Na mwenye kulipa deni hasemi kuwa ametoa sadaka.

Pili, ziko zawadi ambazo ni kazi iliyovikwa nguo za mchezo. Baba amletea mwanawe kitabu cha hesabu siku ya Idi, na jioni ataka majibu. Huyo hakutoa zawadi, ametoa mtihani. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kuwa mtoto atokapo chuoni yafaa aachwe acheze mchezo mwema, kwani kumlemea kwa masomo pasipo kupumzika hufisha moyo wake.

Huenda mtu akasema: Ikiwa ni hivyo, na tumpe chochote kimpendezacho. La, sivyo. Tazama gari la betri linunuliwalo mjini likapelekwa Kinole au Mgeta. Mtoto hulitazama likienda, na betri ikiisha, furaha nayo imekwisha. Lakini mpe waya na koleo, naye atajiundia gari. Atapima magurudumu yapate kulingana, na likivunjika atajua pa kulitengeneza. Katika lile la kwanza mtoto alikuwa mtazamaji. Katika hili amekuwa fundi.

Kadhalika bao. Lina mashimo 32 na kete 64, na likikosekana la mbao, mashimo huchimbwa chini na mbegu zikawa kete. Bao halimwambii mtoto, "Jifunze hesabu." Yeye mwenyewe huhesabu kwa kuwa ataka kushinda. Hapo elimu imo ndani ya furaha, haikubandikwa juu yake. Na kioo cha kukuzia vitu ni vivyo hivyo: mtoto wa Uluguru akikishika, ataona siafu na kuvu wa milima yake, milima yenye mimea na viumbe visivyopatikana penginepo duniani.

Lakini bao halichezwi na mtu mmoja. Hapa ndipo penye uzito. Wengi wetu hununua kitu cha thamani ili tusiulizwe saa zetu. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ana daraja kubwa. Basi mjomba akaaye chini na mpwawe jioni moja, wakacheza, huenda amempa kupita yule aliyempelekea gari kutoka Dar es Salaam.

Tatu, ni uadilifu. Baba yake Nuuman bin Bashir alipotaka Mtume, rehema na amani zimshukie, ashuhudie kipawa alichompa mwanawe huyo, aliulizwa kama wanawe wote wamepewa mfano wake. Aliposema hapana, Mtume alikataa kushuhudia, akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Nasi je? Mvulana hupewa mpira, na dada yake hupewa ufagio mdogo, kisha twasema wote wamepata!

Basi, kabla hujaingia sokoni, jiulize: Hiki ni zawadi, au ni deni langu? Kitamwachia mtoto jambo la kufanya kwa mkono na akili yake? Nami nitakaa naye? Ukiweza kujibu haya, hata mbegu za kuokota zatosha. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi.