Asiye na Hatia Naye Ana Wajibu

Wahenga walisema: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika zama hizi za mabadiliko ya tabianchi methali hiyo yatuhusu sana. Moshi ulioipasha anga joto kwa zaidi ya miaka 150 ulitoka, kwa sehemu kubwa, katika viwanda na magari ya nchi tajiri. Afrika nzima haitoi hata sehemu 5 kwa 100 za moshi wa mafuta na makaa ya mawe unaotolewa duniani kila mwaka. Hata hivyo mkulima wetu ndiye atazamaye mawingu yapitayo bila kunyesha. Je, mtu asiye na hatia ana wajibu gani juu ya madhara asiyoyatenda?

Wako wasemao kwamba hana wajibu wowote, alipe aliyeharibu. Kauli hiyo ina haki ndani yake. Mwaka 2022, huko Sharm el-Sheikh nchini Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kuzisaidia nchi zipatazo hasara. Deni hilo ni halali, nasi hatuna budi kulidai. Lakini twaona kwamba kauli hiyo yachanganya lawama na wajibu. Lawama hutokana na yale tuliyoyatenda. Wajibu hutokana na wale wanaotutegemea. Mama amfunikaye mtoto usiku wa mvua haulizi kwanza ni nani aliyetoboa paa.

Na tutazame Usukuma. Wafugaji wa huko walikuwa na desturi iitwayo ngitili: sehemu ya malisho ilifungwa mvua zilipoanza, nyasi na miti ikaachwa ikue, kisha ikafunguliwa wakati wa kiangazi kikali kwa ajili ya ndama na maksai wa kulimia. Desturi hiyo ilidhoofika. Misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 kukawatenga wengi na ngitili zao. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambao baadaye uliifufua elimu hiyo ya wazee. Ngitili zilizojulikana wakati huo zilikuwa kama hekta 600 tu; miaka ishirini hivi baadaye zilikuwa zimepita hekta 300,000.

Hapa pana fundisho. Ngitili hailindwi na moyo mwema wa mtu mmoja, kwani ng'ombe wa jirani wataingia. Ililindwa na dagashida, yaani mkutano wa wanakijiji, uliotunga sheria na kumtoza faini mvunjaji. Lakini sheria hiyo nayo isingekuwa na nguvu kama kila mmoja asingemzuia ng'ombe wake mwenyewe, mwenye njaa, mbele ya majani mabichi. Hapo ndipo wajibu wa mtu na wajibu wa umma hukutana.

Nasi tukaao mijini tusijitoe. Tuliomo katika utumishi tumezoea kuwahutubia wanavijiji juu ya kupanda miti, hali majikoni mwetu twapikia mkaa wa miti ya vijiji hivyo hivyo. Mkataji hulaumiwa, mnunuzi halaumiwi. Sisi wenyewe tulipika hivyo kwa miaka mingi, tukijifariji kwamba gunia letu moja haliwezi kumaliza msitu. Kila mnunuzi alijifariji vivyo hivyo, na mwaka hata mwaka mkaa ukatoka mbali zaidi.

Basi tudai haki yetu kwa nchi tajiri bila haya, ila tusiifanye kuwa kisingizio cha kukaa bure. Nasi tutadaiwa na wajukuu wetu. Wao hawatauliza ni nani aliyeanza kuchafua anga. Watauliza ngitili tuliyowawekea iko wapi.