Kinubi, Piano na Pembe

Swali hili limenikaa moyoni kwa muda mrefu: je, uzuri wa kitu waweza kutengwa na mabega yaliyokibeba?

Mimi ni mpenzi wa muziki wa sebule za Paris wa mwisho wa karne ya 19. Mwaka 1884 Alphonse Hasselmans alianza kufundisha kinubi katika chuo kikuu cha muziki cha mji ule. Kipande chake La Source, yaani chemchemi, hutiririka kama maji hasa. Mwaka huohuo alifariki Mtemi Mirambo, jirani yetu wa Urambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871 kwa ajili ya njia ya pembe. Na hapa Kaliua tumo katika nchi za njia hiyo.

Uhusiano uko wapi? Uko kwenye piano. Cécile Chaminade (1857–1944) alitunga vipande vingi vifupi vya piano, na wakosoaji wakaviita vyepesi. Lakini vitufe vyeupe vya piano bora za siku zile vilivikwa pembe za ndovu, na pembe ya Afrika Mashariki ilisifiwa kwa ulaini wake. Ilitoka mpaka Manyema, ikavuka ziwa hadi Ujiji, ikapita Tabora kwenda Bagamoyo na Unguja. Mpagazi alibeba frasila mbili hivi, miezi njiani.

Hukumu si rahisi. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa watu wa ujira. Walidai posho, waligoma, na kijana asiyefika pwani alihesabiwa bado mtoto. Nikimwita babu yule mnyonge tu, nimemnyang'anya fahari yake. Lakini kule Manyema watu walitekwa, ndugu zao wakawakomboa kwa pembe. Nao niwaweke wapi?

Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, husema Hasselmans hana kesi, kwani nyuzi za kinubi zilikuwa utumbo wa kondoo. Hoja hiyo hunichekesha. Karakana ya Érard ya Paris ilitengeneza vinubi na piano vilevile. Mlango ulikuwa mmoja.

Sidhani Chaminade aliwahi kuiwaza Tabora. Pembe ilipofika London au Antwerp ilipimwa, ikanadiwa, ikapoteza jina la kwao. Aliyefaidi bila kujua simtii hatiani. Naona ana deni tu, na deni hilo halidaiwi mpaka aambiwe. Yeye hakuambiwa. Mimi nimeambiwa, tena naishi palepale, basi siwezi kusikiliza kama yeye.

Kuuacha muziki huo sitauacha. Nani atafaidika nikiuacha? Ila jina la Érard liliandikwa juu ya vitufe apate kulisoma kila apigaye, na la mpagazi halikuandikwa popote. Kwa hiyo vijana wakija kwangu kusikiliza, kabla sijawasha redio huwauliza frasila moja ni ratili ngapi. Hawajui. Huwaambia: thelathini na tano.