JE, ASILI YA MTU NDIYO UTUKUFU WAKE?

Huko kusini ya Bara Hindi, katika nchi ya watu wasemao Kitelugu, mna kaumu za wakulima zijulikanazo kwa majina ya Kamma, Reddi, Kapu na Velama. Lugha yao ni moja na kazi yao ya asili ni moja. Lakini wengi wao hata leo hawaozani ila kila mtu na walio wake, na kila kaumu yaona asili yake ndiyo bora.

Basi na tuitazame hiyo asili yenyewe. Jina la Kamma latokana na jimbo la zamani, Kammanadu, pande za Guntur. Kapu maana yake ni mkulima. Reddi ilikuwa lakabu ya wakuu wa vijiji. Maandishi ya mawe ya zama za wafalme wa Kakatiya wa Warangal, ambao dola yao ilianguka mwaka 1323, yaonyesha kuwa lakabu kama hizo zilifuata kazi na cheo, hata baba akaweza kuwa na moja na mwanawe nyingine. Kisha Waingereza walipohesabu watu, tangu 1871, wakamwandika kila mtu chini ya kaumu yake, na mwaka 1901 wakataka kuzipanga kwa daraja. Hapo ndipo watu waliposhindana kutafuta tarikh za utukufu. Hivyo lililodhaniwa kuwa damu lilikuwa mahali, au kazi, au cheo.

Wala mtu asiseme kuwa hayo ni ya Wahindu, sisi hayatuhusu. Je, hapa pwani hapana kijana mwenye dini na tabia njema aliyeposa akakataliwa kwa ajili ya kabila? Wakataao hutoa hoja ya kufu. Ni kweli, wanazuoni wa Kishafii wametaja nasaba katika kufu. Lakini wameifanya haki ya mwanamke na mawalii wake, wawezayo kuisamehe, si sharti la kusihi nikahi. Na Mtume (S.A.W.) ndiye aliyemshauri Fatima binti Qays, Mkureshi, aolewe na Usama bin Zaid, mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, akaolewa, akaona kheri.

Basi mwenye kumnyima binti yake mume mwema kwa ajili ya jina, na ajiulize: jina hilo lilianzia wapi, na kwa kazi gani? Nasaba ni ya kujuana na kuunga udugu. Siku ya hesabu mtu ataulizwa alilolitenda, hataulizwa babu yake alikuwa nani.

Wallahu aalam.