Mgongo wa Muuguzi ni Amana ya Nani?

Kwenye uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, jirani na Kiembe Samaki, sanduku likizidi kilo 32 kwa kawaida halipokelewi. Mashirika mengi ya ndege yameweka kiwango hicho kwa ajili ya wapakiaji, watu wanaoinama na kuinuka kutwa nzima. Ndege yenyewe hubeba tani kwa tani. Abiria hunung'unika, hulifungua sanduku mbele za watu, hutoa halua na mifuko ya viungo akahamishia kwenye begi jengine, na mwisho hukubali. Hakuna anayemtaka mpakiaji ajikaze kwa ajili ya Mwenyezi Mungu.

Mgonjwa wa kiharusi mwenye kilo 80 hana mizani inayomlinda anayemnyanyua. Hawezi kugawanywa kwenye vitanda viwili. Asipogeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, ngozi ya kiunoni na visiginoni huanza kuoza kwa mgandamizo. Muuguzi wa zamu ya usiku anajua hilo, basi huingiza mikono chini ya kwapa, huvuta pumzi na kunyanyua. Mwaka 2007 mtaalamu wa Marekani, Thomas Waters wa NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini, alipiga hesabu akafikia kwamba katika kazi ya kumshika mgonjwa, hata mambo yakiwa mazuri, mtu mmoja asibebe zaidi ya kilo 16 hivi kwa mikono yake. Mguu mmoja wa mtu mzima ni karibu sehemu moja ya sita ya uzito wake. Kwa mgonjwa wa kilo mia moja, basi, kuunyanyua mguu mmoja tu ni kufika kwenye mpaka.

Hapo ndipo linapozuka suala ambalo ni la dini kabla ya kuwa la utawala wa hospitali. Muuguzi ana ruhusa ya kuuharibu mwili wake kwa sababu ya mgonjwa? Na ukishaharibika, aulizwe nani?

Jawabu la haraka katika jamii ya Kiislamu kama ya Unguja ni thawabu. Kumhudumia mgonjwa ni ibada, wazee husema, na kila tabu ina malipo yake. Maneno hayo ni ya kweli na yamewashikilia wauguzi wengi katika usiku mrefu. Lakini yanapotumiwa kumnyamazisha mtu anayelalamika kiuno, yanavuka mpaka uliowekwa na dini yenyewe. Bukhari amepokea habari ya mtu aliyeitwa Abu Israil, aliyeweka nadhiri ya kufunga huku amesimama juani, bila ya kukaa, bila ya kivuli na bila ya kusema na mtu. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamuru akae, apate kivuli, aseme, na aikamilishe saumu yake. Ibada ilibakishwa, mateso yakaondolewa. Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 1262, aliliweka wazi jambo hili: tabu inayokuja pamoja na tendo jema ina malipo, lakini tabu haitafutwi kwa ajili ya tabu.

Kisha kuna upande wa anayetuma. Katika hadithi aliyoipokea sahaba Abu Dharr, waliokuwa na watumishi wakati ule walikatazwa kuwabebesha wasiyoyaweza, na wakiwabebesha, basi wawasaidie. Agizo hilo halikupelekwa kwa mtumishi ili ajifunze kujikaza. Lilipelekwa kwa mwenye amri. Mwajiri wa leo, awe serikali au hospitali binafsi, anasimama pale pale. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, inayomtwika mwajiri wajibu huo kwa lugha ya kisheria. Mafakihi nao wana kanuni mashuhuri kwamba madhara huondolewa, na nyengine inayoifuata kwamba madhara hayaondolewi kwa kuleta madhara mfano wake. Kidonda cha mgonjwa kisitibiwe kwa pingili za uti wa mgongo wa muuguzi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya katika kitabu chake cha Ihyau Ulumid-Din, akawalaumu watu wa zama zake waliokimbilia ufakihi wakaiacha miji bila ya tabibu Muislamu. Fardhi kifaya ni wajibu wa umma mzima: wakitosha wa kuutekeleza, wengine wamesalimika, asipoutekeleza mtu, wote wana dhambi. Kila mtoto wa chuoni anafundishwa mfano wake, nao ni kumzika maiti. Jeneza linapotoka msikitini wanaume hugombania kutia bega, na hatua chache mbele hupokezana. Halikai kwenye bega moja hadi makaburini. Mgonjwa aliye hai, mzito na mwenye maumivu, anaachiwa mtu mmoja na mikono yake miwili. Wajibu wa wote umegeuka kuwa fardhi aini, yaani wajibu wa mtu binafsi, wa nesi wa zamu. Hili ndilo kosa lenyewe, na haliondoki kwa kumsifu nesi.

Hospitali za nchi nyingine zimelitafutia dawa. Muuguzi mtafiti Audrey Nelson wa Tampa, Florida, aliongoza mpango katika wadi 23 za vituo 7 vya hospitali za wanajeshi wastaafu. Kila wadi ilipata kinara wake wa usalama. Kinara huyu alikuwa muuguzi miongoni mwa wauguzi, aliyefundishwa kupima hatari ya kila mgonjwa, kuwaonesha wenzake namna ya kutumia vifaa na kusimamia utaratibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, nayo yalionesha kwamba majeruhi ya wafanyakazi yalipungua. Kinara hakuachwa peke yake. Wadi zilipewa mashine za kunyanyulia na kanuni iliyoandikwa. Hilo ni la kushikilia, maana mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2011 hayakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba kuwafundisha watu namna ya kunyanyua kunazuia maumivu ya mgongo. Semina ya siku moja ya "inama magoti, nyoosha mgongo" haitoshi, ijapokuwa ndiyo rahisi kuandaa.

Afrika Mashariki haianzi kutoka sifuri. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 mpango wa 5S-Kaizen wa kupanga na kuboresha mahali pa kazi kwa msaada wa Japani, mpango ambao mfano wake ulitoka hospitali ya wazazi ya Castle Street nchini Sri Lanka, na ukaenea hospitali nyingi za Tanzania Bara. Nguvu yake ilikuwa timu ndogo za kila idara, watu wanaojua kitanda kipi breki yake haishiki. Tanzania ilikuwa pia miongoni mwa nchi zilizoujaribu mwongozo wa HealthWISE wa Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2014 ili wafanyakazi wa afya wenyewe wakague hatari za mahali pao. Njia imeshafunguliwa, kinachotakiwa ni kuifikisha kwenye kitanda cha mgonjwa.

Unguja nayo ina pahali pa kujifunzia. Tangu mwaka 2014 Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kituo cha upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kilichojengwa kwa ushirikiano na taasisi ya NED ya Uhispania. Mgonjwa aliyevunjika shingo, tuseme kwa kuanguka mnazini, hatakiwi kugeuzwa na mtu mmoja. Huzungushwa mzima mzima kama gogo: mmoja ameshika kichwa, wawili au watatu wameshika mabega, nyonga na miguu. Anayeshika kichwa ndiye anayehesabu, na hakuna anayesogeza mkono kabla ya hesabu yake, hata kama ni mkubwa wake kwa cheo. Amri iko kwa aliyeshika pahali pa hatari. Mamlaka ya namna hiyo ndiyo anayoyahitaji kinara wa wadi: aweze kusema "subirini, tuwe wanne" na wote wasubiri.

Wapo wenye hofu kwamba kanuni hizi zitamgeuza mgonjwa kuwa mzigo wa bandarini. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Februari 2003, Jaji Munby wa Mahakama Kuu ya Uingereza alitoa hukumu katika shauri la dada wawili wenye ulemavu mkubwa dhidi ya Halmashauri ya East Sussex, iliyodaiwa kuwakataza wahudumu kuwanyanyua kwa mikono. Jaji aliona kwamba katazo la jumla, lisilopima hali ya kila mtu, halisimami. Mlemavu ana heshima yake, mhudumu naye ana heshima na mwili wake, na vyote viwili viwekwe kwenye mizani moja. Kwa Zanzibar kuna la kuongeza, nalo ni sitara. Bibi mtu mzima anayevutwa kwa kukumbatiwa kifuani na mtu asiyemjua huona haya, na mara nyingi nguo humtoka. Akitelezeshwa juu ya shuka maalumu na watu wawili, kitanda kimeinuliwa hadi usawa wa nyonga zao, breki zimefungwa, mikono yake imekunjwa kifuani, husogea akiwa amejisitiri.

Jambo hili haliishii hospitali. Nyumba ngapi za Kiembe Samaki na Mbweni zina mzee wa kiharusi aliyelazwa kwenye godoro chini, na binti mmoja wa kumwinua asubuhi na jioni? Mbweni hiyo hiyo ndiko wanakosomeshwa baadhi ya wauguzi wa Zanzibar, katika skuli ya afya ya Chuo Kikuu cha Taifa. Kinara aliyefunzwa vizuri atamwambia binti yule, kabla mzee hajaruhusiwa kurudi nyumbani, kwamba kitanda cha juu ni bora kuliko godoro la chini, na kwamba kumwita jirani asaidie si kumpunguzia mzee mapenzi.

Basi Wizara ya Afya na waganga wakuu wasiishie kuteua majina na kubandika picha ukutani. Kinara apangiwe saa zake ndani ya ratiba ya zamu, wadi ipewe shuka za kutelezesha na angalau mashine moja ya kunyanyulia inayofanya kazi, na iandikwe, kwa sahihi ya mganga mkuu, kwamba muuguzi aliyekataa kumnyanyua mgonjwa peke yake hakufanya kosa.